Jipu la Kwapa la Kulia

Jumanne nilianza kuandika ubaoni kuanzia katikati. Jumatano nikashuka chini ya hapo. Wanafunzi wa madawati ya nyuma wakawa wanasimama mmoja mmoja ili wanakili, na yule mropokaji wa darasa, maana hakuna darasa lisilokuwa naye, akauliza, "Mwalimu, leo ubao umekatwa kichwa?" Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeutenga mkono wa kulia na ubavu kama kuku mwenye bawa bovu, chaki nimeishika kwa ncha za vidole, na kila nikijaribu kuunyanyua mkono kupita bega naona nyota mchana.

Kwapani kulikuwa na jipu.

Lilikotoka nakujua. Jumamosi kulikuwa na harusi, gauni halina mikono, na kwa haraka nikachukua wembe uliokuwa dirishani bafuni, wembe ambao ulishanyoa mara mbili tatu na kukatia nyuzi za cherehani. Sikupaka hata povu la sabuni. Na Februari ya Morogoro si mchezo: milima ya Uluguru imejifunika mawingu yake kule juu, huku chini jasho linakutiririka umekaa kimya. Jumapili pakawasha. Jumatatu kikawepo kipele kama punje ya dengu, kigumu, ukikigusa kinakujibu. Jumanne usiku kikaanza kupwita, kinadunda sambamba na moyo, na mtu aliyewahi kuota jipu akifika hapo hahitaji kuambiwa.

Mama yangu yuko Muheza, kwenye machungwa. Nilipompigia simu, baada ya salamu swali lake la kwanza lilikuwa, "Limefika ndimu au bado?" Kwake yeye kila uvimbe hupimwa kwa matunda. Nikamwambia bado, ni kama tende. "Basi litafika," akasema, bila huruma yoyote ninayoikumbuka. Akaniagiza nitafute jani la mbarika, nilipitishe motoni mpaka linyauke, nilibandike likiwa na joto lake.

Ugonjwa usiokuwa na siri ni jipu. Malaria utaumwa wewe na mtu wa nyumbani kwako, lakini jipu likishaonekana kila mtu ana dawa. Jirani alileta kitunguu cha kuchoma. Mwalimu mwenzangu alinipa ya kwao: sabuni ya mche iliyokwanguliwa, ikakandwa na sukari mpaka iwe uji mzito. Kijana wa bodaboda anayenipeleka kazini aliapa kwa dawa ya meno. Yule wa duka la dawa hakutaka hata kuliona, alisikia neno jipu akafungua droo na kunihesabia vidonge vya amoksilini vya siku tatu, "ukiona bado uje uongeze." Nikanunua. Nikameza. Kuhusu vidonge vile nina la kusema, nitalifikia.

Baadaye, maumivu yakiwa yamepungua na akili imerudi, niliona kwamba dawa nyingi za kina mama zina kitu kimoja ndani yake. Jani la mbarika hupashwa. Kitunguu huchomwa. Wengine hubandika ugali wa moto uliofungwa kwenye kitambaa. Kubandika huku ni kwa zamani sana. Hata katika Biblia, mfalme Hezekia alipougua jipu la kumfikisha kaburini, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu yake. Katika mbarika na kitunguu kinachofanya kazi ni joto na unyevu, na jani ni chombo tu cha kulifikishia joto hilo. Kwa hiyo mtu mwenye kitambaa safi na maji ya moto hajapungukiwa na kitu. Jani lenyewe silichukii, ila ngozi ikishapasuka jani la shambani linaingia na mambo yake. Dawa ya meno huunguza ngozi ambayo tayari imechoka. Majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe, hapo usifanye mzaha, hiyo ndiyo njia ya pepopunda. Na ile tabia yetu ya kupasua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda tungeiacha tu, maana unga ule hutengeneza gaga, na usaha unabaki chini yake.

Jipu huanzia kwenye shimo la unywele. Wembe mbovu, nguo inayokwaruza, jasho, kujikuna. Ngozi ikipata mchubuko mdogo tu, kijidudu kilichokuwa kimekaa juu yake siku zote kinaingia ndani. Mtu aliyekitambulisha kwa ulimwengu ni daktari mpasuaji wa Aberdeen, Scotland, Alexander Ogston. Mwaka 1880 alieleza alichokiona alipoweka usaha wa majipu chini ya hadubini: vijiduara vimeshikana kama kichala cha zabibu. Miaka miwili baadaye akakipa jina la Kigiriki la kichala, ndiyo hii stafilokokasi ya leo. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akaongeza neno la Kilatini lenye maana ya dhahabu, kwa sababu ya rangi yake kikioteshwa maabara. Jina zuri kuliko tabia. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anacho puani mwake, mzima wa afya, hana habari.

Kikiingia ndani, mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kukabiliana nacho. Zinakufa nyingi, vijidudu vinakufa, na nyama ya pale inayeyuka, na mchanganyiko huo ndio usaha. Kisha mwili unauzungushia ukuta ili usisambae. Ukuta huo ndio unaotulinda, na ndio tunaouvunja kwa dole gumba. Wanafunzi wangu wanajua lambalamba la mfuko: ukilibana kabla hujaling'ata pembe, huchagui upande litakakopasukia. Jipu bichi likikamuliwa hupasukia ndani mara nyingi, na kilichokuwa kimefungiwa kinaenda kwenye nyama ya jirani, au kwenye damu.

Mwishoni mwa 2015, Rais Magufuli alipoingia Ikulu, msemo wa kutumbua majipu ulitoka vyumba vya kufungia vidonda ukahamia kwenye magazeti na vijiweni. Kila anayesimamishwa kazi "katumbuliwa". Ya siasa niwaachie wenyewe, lakini nadhani msemo ule ulituharibia namna ya kuyatazama majipu yenyewe. Mtumbuaji akawa shujaa, na anayesubiri akawa mwoga.

Nami sikutaka kuwa mwoga. Jumatano usiku nilimwomba mume wangu anikamulie. Akaangalia mara moja, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Mke wangu, mengine yote nitakufanyia." Nikajifungia bafuni. Kioo nikakiegemeza kwenye ndoo, ncha ya kanga nikaing'ata, mkono wa kulia nikauweka kichwani, nikabana kwa vidole vya kushoto. Mkono wangu wa kushoto hata kijiko hushika kwa shida. Kilichotoka ni tone moja la damu na majimaji mepesi. Usaha hakuna, maana halikuwa limeiva. Nikabana tena. Hapo nilisikia maumivu yakishuka ubavuni kama maji ya moto, nikakaa kwenye sakafu ya bafu nikimwaza mropokaji wangu na ubao wake usio na kichwa.

Alfajiri lilikuwa limefika ndimu.

Nilichopaswa kufanya tangu Jumatatu ni kukanda. Neno hili tunalijua sote kwa mama aliyejifungua, na kwa jipu ni hilohilo, kwa upole zaidi. Maji ya moto kwenye chupa ya chai, beseni pembeni, kitambaa safi cha pamba. Mimi nilikata kanga kuukuu vipande vinne nikavipiga pasi. Unachanganya maji mpaka joto lake livumilike, unalipima kwa ndani ya kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto, kwa sababu sehemu yenye jipu huwa imeshazoea maumivu na inaweza kuungua usijue. Unachovya, unakamua, unaweka bila kugandamiza. Dakika mbili tatu kitambaa kimepoa, unachovya tena. Dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Ni kazi ya kuchosha na haina ushujaa wowote, unakaa tu ukingoni mwa kitanda na mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Joto linaleta damu pale, ngozi inalainika, na jipu dogo mara nyingi huweka kichwa na kupasuka lenyewe kwa wakati wake. Likipasuka, unaliacha litoe, unafuta kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, unafunika, na kukanda unaendelea nako siku chache zaidi, maana lisipomaliza kutoa litajifunga na kuanza upya.

Mikono kwa sabuni kabla na baada. Vitambaa vyangu nilivichemsha na kuvianika juani, taulo langu nikalitenga, na yule mume mwoga nikamtengea na sabuni. Usaha wa jipu moja unaweza kuzalisha majipu ya nyumba nzima, watoto wakitangulia.

Lakini nilishachelewa, na jipu langu halikuwa dogo tena. Alhamisi mchana nilisikia baridi darasani, Februari ile. Mkono ukawa mzito mpaka kwenye kiwiko. Hapa niseme jambo ambalo vijitabu vingi vya afya huliruka: vinakuambia uangalie wekundu unaosambaa. Kwenye ngozi yangu mimi, nyeusi ya Kibondei, wekundu uko wapi? Unachokiona ni ngozi inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, rangi imeelekea zambarau au imekuwa nyeusi zaidi ya majirani zake, na ukipitisha mgongo wa kiganja unakutana na joto lenye mpaka. Kwa hiyo nilifanya la kiualimu. Nilichukua kalamu ya wino na kuchora mstari kuzunguka pale ugumu na joto vilipoishia, mbele ya kioo, saa mbili usiku. Nikaandika na saa. Asubuhi joto lilikuwa limeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili upande wa titi. Kipimajoto cha jirani kikasoma 38.6. Sikuhitaji ushauri wa mtu mwingine.

Ningekuwa nimepata lile jipu mahali pengine nisingengoja hata hiyo Ijumaa. Jipu la usoni, hasa eneo lile la kati ya pua na pembe za mdomo, halikamuliwi kabisa, kwa kuwa mishipa ya damu ya pale ina njia ya kwenda ndani ya kichwa. La karibu na jicho, vivyo hivyo. Mtoto mchanga, mwenye kisukari, mtu ambaye kinga yake imeshuka, hao wanapelekwa mapema bila kujadiliana na kitunguu. Mstari unaopanda mkononi au mguuni kutoka kwenye jipu, homa, uvimbe unaokua baada ya kukandwa siku mbili tatu: zahanati.

Pale zahanati nilikaa benchi moja na mama mwenye mtoto wa mwaka hivi, mgongoni ana majipu matatu yaliyopangana kama vifungo. Tuliongea. Alishayakanda wiki nzima hayaivi. Tabibu, binti mdogo kwa umri wangu, alimwinamia mtoto, akaangalia kwa makini, akaonyesha kila kijipu kina kitundu katikati, na kwenye kitundu kitu kinachezacheza. Akapaka mafuta mazito ya mgando juu ya vitundu, tukasubiri. Funza wa nzi wa embe hupumua kupitia kile kitundu, na akizibwa hujitokeza kutafuta hewa. Alitoka wa kwanza, mweupe, mnene, mama akapiga yowe, mtoto akashangaa tu. Nzi huyu hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye nyasi, na funza huingia ngozini mtoto akishavalishwa. Bibi zetu walisisitiza kupiga pasi hata nepi na sisi tukaona ni umaridadi. Pande zote mbili, kwenye mishono hasa. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako nimeifundisha miaka kumi na moja, na siku ile ndiyo mara ya kwanza kuiona ikitembea.

Zamu yangu ikafika. Tabibu aliuona ule mstari wa kalamu na saa iliyoandikwa pembeni, akacheka. "Mwalimu ni mwalimu tu." Kisha akabonyeza taratibu kwa vidole viwili, huku na huku, akasikia majimaji yakihama ndani. "Hili sasa ni la kupasua, mama. Vidonge peke yake haviwezi, dawa haiingii vizuri kwenye usaha." Akaniambia ukweli mwingine ambao namshukuru: ganzi kwenye jipu haishiki vizuri, maana usaha una ukali wa tindikali unaoidhoofisha. "Utaumia kidogo, halafu utanishukuru." Alidunga pembeni, kuzunguka, akangoja. Nesi akaushika mkono wangu juu ya kichwa changu na kuanza kuniuliza habari za matokeo ya darasa la saba.

Kisu kilipopita nilisikia kama zipu. Kisha kitu cha moto kikanitiririka ubavuni, na harufu ikajaa chumba, harufu ambayo nilijionea aibu kwa ajili yake na wao wakawa kama hawaisikii. Nusu kikombe cha kahawa, kwa makadirio ya macho yangu. Na palepale, kabla hajaanza hata kusafisha, kule kupwita kukakatika. Siku tatu kilikuwa kinadunda usiku na mchana, kikanyamaza kama jenereta lililozimwa, na mimi nikalia. Nesi akadhani ni maumivu.

Akaingiza utepe wa gozi ndani ya tundu ili lisijifunge juu kabla ya chini, akafunika. Akaomba kidole. "Nikupime sukari." Nikamwambia nimekuja na jipu. "Najua. Ndiyo maana."

Baba mdogo wangu, Tanga, aliota majipu mwaka mzima. Shingoni, mgongoni, kwenye paja. Tulisema damu yake chafu, akanywa mizizi ya kusafisha damu, tukasema jicho la watu, akaandikiwa kombe. Alikuwa anakunywa maji kama ngamia na kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na hakuna aliyeunganisha. Alikuja kujulikana ana kisukari baada ya kidonda cha mguu kukataa kupona, na vidole viwili vya mguu vikaondoka. Sukari ikiwa nyingi mwilini, zile chembe nyeupe hufanya kazi kwa uvivu, na vijidudu vinapata nafasi. Nilimtolea tabibu kidole bila neno jingine. Yangu ilisoma 5.4, ya kawaida.

Aliuliza pia kama majipu ya kwapani hunirudia mara kwa mara, yakiacha vishimo na makovu yanayoungana chini ya ngozi. Hapana, hili ndilo la kwanza. Kuna maradhi ya aina hiyo, akasema, yanafanana na majipu ya kawaida lakini tiba yake ni nyingine, na huwa anawapa rufaa kwa madaktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi tangu miaka ya tisini.

Kisha vidonge vyangu vya duka la dawa. Nilimtolea paketi, akatikisa kichwa. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini kwa sababu ya ukungu ulioanguka kwenye sahani ya kijidudu hikihiki, stafilokokasi, na kukiua. Haikupita miaka mingi ya dawa kutumika, kijidudu kikawa kimejifunza kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja, na leo sehemu kubwa ya jamaa zake wanaivunja penisilini ya kawaida, na amoksilini iko humo. Siku tatu zangu zilikuwa za bure. Kwa kuwa nilikuwa na homa na uvimbe umesambaa, aliniandikia kloksasilini, kila baada ya saa sita, kabla ya kula, nimalize zote hata nikijisikia mzima. Kuamka saa nane za usiku kumeza kidonge na tumbo tupu ni ibada yake.

Nilirudi kila siku kubadilishiwa gozi, kisha siku moja moja. Lile tundu lilijaza kutoka chini, nyama nyekundu mbichi ikipanda kidogo kidogo, na wiki ya tatu likabaki kovu la urefu wa punje ya mchele. Mstari wa kalamu ulidumu siku nne, sabuni haikuuweza. Wembe wa dirishani niliutupa chooni, siku hizi natumia mpya kila mara, kwa povu, nikifuata unywele unakolalia, na sinyoi siku ya shughuli.

Nilipompigia mama kumwambia limepona, alinyamaza kidogo.

"Jani uliweka?"

Nilikuwa nimeliweka, mara moja, Jumanne ileile, kumridhisha. Likadondoka nikiwa kwenye bodaboda, nadhani karibu na Msamvu.

"Niliweka, mama."

"Aa," akasema, na sauti yake nikaisikia inakaa vizuri kwenye kiti. "Nilijua tu."